Lipa Namba ya Usharika Wetu Baada ya Mwaka Mmoja: Maoni ya Mhazini

Simu ya lipa namba yetu ni kitochi cha batani cha shilingi 35,000, nilikinunua Moshi mjini karibu na stendi. Kinakaa ofisi ya usharika, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao katibu wa baraza la wazee. Namba ya siri ina tarakimu nne: mbili za mwanzo nazijua mimi, mbili za mwisho anazijua mwenyekiti wa kamati ya fedha, na kila mmoja anapobonyeza zake mwenzake anageukia ukutani. Tumefanya hivyo kila Jumapili kwa mwaka mzima, baada ya ibada ya pili. Wahazini watatu wa sharika za jirani wamenipigia kuuliza kama lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, inalifaa kanisa au ni mambo ya maduka tu. Jibu langu ni refu kuliko la kwenye simu, kwa hiyo naliandika.

Mimi ni mama wa miaka 63, mhazini wa usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) migombani, upande wa Marangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa hiyohiyo. Hakujua kusoma vizuri, ila tarakimu alizijua. Alikuwa akisimama mbele ya mizani mpaka mshale utulie, anasubiri karani aandike kilo kwenye kitabu chake kidogo, kisha anazisoma kwa sauti kabla ya kukitia kitabu mfukoni mwa koti. Nilipoketi mimi upande wa pili wa ile meza ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya. Mkulima hana ugomvi na makato. Ana ugomvi na makato ambayo hakuyaona yakiandikwa. Na muumini wa kwetu ni mkulima huyohuyo, amevaa nguo za Jumapili.

Kabla ya lipa namba tulikuwa tukipokea michango kwenye simu ya mtu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na watoto wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hawakuchelewa kuzoea kutuma sadaka ya shukrani kwa simu. Tulipoezeka kanisa upya, baraza lilichagua namba ya mzee mmoja, mhazini aliyenitangulia, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Namba yake ikatangazwa kanisani, ikaandikwa kwenye kadi za mchango, ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya koo zote. Wiki ambayo bati zilikuwa ziagizwe, mzee akafariki ghafla.

Kwenye laini yake kulikuwa na fedha za kanisa zilizochanganyika na fedha zake za maziwa. Namba ya siri aliondoka nayo. Mjane wake, akiwa bado na nguo nyeusi, akaanza safari za kwenda na kurudi: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi, kisha duka la kampuni ya simu, ambako walimrudisha mara mbili kwa kukosa karatasi. Miezi minne. Na miezi yote hiyo watu walinong'ona. Nilisikia kwa masikio yangu bombani, mama mmoja akimwambia mwenzake, "Bati zetu zimezikwa." Siku mjane alipozipata fedha zile alikuja nazo ofisini zimefungwa fundo kwenye kitambaa cha kichwa, pamoja na daftari la marehemu ambamo kila mchango ulikuwa umeandikwa na jina la aliyetuma. Tulihesabu mara tatu. Zilitimia, tena zilizidi 2,500. Hizo 2,500 alikataa kuzichukua kwa sababu hakuwa na uhakika ni za nani.

Marehemu hakukosa, na mjane wake hakukosa. Tuliokosa ni sisi wazee wa kanisa, tuliombebesha mtu mmoja fedha za watu mia nne kwa sababu tu tulimwamini. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na akawaeleza Wakorintho wazi kwamba anafanya hivyo ili asilaumiwe kwa habari ya fedha ile. Ikiwa mtume alitaka mashahidi, mzee wetu alistahili mashahidi.

Ndipo tulipoamua kuomba lipa namba, na hapo ndipo ninapoanza kuipima huduma yenyewe.

Kuipata kulituchukua wiki tano. Usharika haujitegemei kwa usajili, uko chini ya dayosisi, kwa hiyo tulihitaji barua ya dayosisi, muhtasari wa kikao cha baraza wenye sahihi na mhuri, na nakala za vitambulisho vya taifa (NIDA) vya wahusika. Kila tulipokwenda tulikutana na afisa mwingine, na kila afisa alikuwa na orodha yake ya karatasi. Mmoja, kijana mwenye adabu kabisa, aliniambia, "Mama, sajili kwa jina lako kama duka, kesho inafanya kazi." Nilimshukuru nikasimama. Ndugu wahazini, hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Jina likiwa la mtu mmoja, mmerudi kwenye ile laini ya marehemu, mmebadilisha rangi tu. Jina liwe la usharika, hata kama itachukua wiki kumi, kwa sababu anayetuma huliona jina hilo kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri, na jina hilo ndilo linalomtuliza moyo.

Jumapili ya kwanza tulipokea ujumbe 23, na mara moja tukagundua kwamba huduma hii ilitengenezwa kwa ajili ya muuza duka. Ujumbe unasema umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, basi. Hausemi kama ni ahadi, shukrani, malimbuko au jengo. Tena huyo "fulani" mara nyingi si yeye: bibi ana laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu, mume anatuma kwa simu ya mke. Nilikaa na daftari mpaka giza likaingia, nikipiga simu moja moja kuuliza, "Shikamoo bibi, ile elfu tatu ni yako?"

Dawa ilitoka kwa binti anayefundisha shule ya Jumapili. Kwetu kila mwenye ahadi ana bahasha yenye namba. Akasema, kwa nini namba ya bahasha isiwe mkia wa sadaka? Anayetoa 20,000 na bahasha yake ni 214 atume 20,214. Mwenye bahasha 031 akitoa elfu mbili atume 2,031. Kwa ajili ya jengo tukaomba namba ya pili, ili zisichanganyike. Tangu siku hiyo sijapiga simu ya kuuliza. Ni jambo dogo lisilo na gharama, na naliweka mbele ya mambo yote ninayoyashauri hapa. Mwenye bahasha 387 aliwahi kuniambia kwamba yeye mkia wake ni mzito kuliko wa mwenye 009. Nikamwambia tunaweza kumbadilishia. Akafikiri, akasema hapana, namba ile ilikuwa ya mama yake.

Faida kubwa niliiona Desemba. Anayejua Uchagani anajua kwamba ikifika katikati ya Desemba barabara ya kutoka Dar inajaa watoto wa huku wanaorudi nyumbani, kanisa halitoshi, tunafunga turubai nje na watu wanasimama mpaka kwenye migomba. Lakini wapo wasiopata likizo: manesi, walinzi, madereva wa masafa. Zamani hao walituma kwa ndugu, na ndugu akikutana na shida njiani sadaka ilifika nusu au haikufika. Sasa inaingia yenyewe na mkia wake, na jioni ninamjibu kwa ujumbe mfupi kwamba imepokelewa.

Na kuna mnada. Baada ya ibada tunanadi walivyoleta watu badala ya fedha: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maharage, kahawa ya maganda, maziwa kwenye kibuyu. Kitu kinanunuliwa, mnunuzi anakirudisha mezani kinadiwe tena, au anampa mjane, au anampa mgeni. Desemba iliyopita mama mmoja mzee alileta mkungu wa mchare, mrefu, ndizi zimebanana, ameufunika kwa jani lake mwenyewe. Mwanawe yuko Dar, zamu ya usiku bandarini, alikuwa hewani kwenye simu ya mdogo wake akisikia mnadi anavyoita. Bei ikafika 18,000 ikasimama. Sauti ikatoka kwenye simu: "Thelathini!" Watu wakapiga vigelegele. Kabla mnadi hajapiga tatu, kitochi kikalia mezani kwangu: 30,112. Bahasha 112 ni ya mama yake. Kijana akaomba mkungu upewe aliyeuleta. Yule mama aliushika kwa mikono miwili kama aliyeletewa mtoto, na alikuwa ameukata mwenyewe asubuhi ile.

Kwa hayo naisifu huduma hii bila kusita. Sasa upande wa pili.

Mtandao. Sisi tuko mlimani, na ukungu ukishuka na mvua ya Aprili ikianza, minara inakuwa na siku zake. Jumapili ya Pasaka huduma ilikatika kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni. Watu walinyanyua simu kuelekea dirishani wakati kwaya ikiimba wimbo wa matoleo, na wengine waliokuwa wameacha fedha taslimu nyumbani waliondoka hawajatoa, wamehuzunika. Nilipiga huduma kwa wateja nikaambiwa tatizo linashughulikiwa. Tangu hapo tunatangaza kwamba namba inapokea wiki nzima, kuanzia Jumatatu, wala mtu asisubiri ibada. Paulo aliwashauri Wakorintho kila mmoja aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, ili michango isiwe ya kukimbizana atakapofika. Kutoa kulikokusudiwa nyumbani hakutegemei mnara.

Matapeli. Mwezi wa tano baadhi ya waumini walipokea ujumbe: ile sadaka tuma kwenye namba hii, mhazini ana tatizo na laini. Kila Mtanzania ameshapokea ujumbe wa namna hiyo, lakini ukitajwa mhazini unajenga imani. Bibi mmoja alituma 30,000, fedha ya mbuzi. Tulitoa taarifa polisi, fedha haikurudi. Wazee wa mtaa wake walimchangia akairudishia mfuko wake, na mchungaji alitangaza madhabahuni mara tatu mfululizo: kanisa halibadilishi namba kwa ujumbe wa simu, tazama jina la usharika kwanza, usipoliona futa. Namba imeandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye ubao mlangoni, kwa makusudi, maana karatasi iliyobandikwa inaweza kubandikwa nyingine juu yake.

Makato. Sitataja viwango, kila kampuni ina vyake na vinabadilika. Ninachosema ni hiki: hesabu gharama ya kuhamisha fedha kwenda benki kabla hujasaini, na uhamishe mara moja kwa mwezi, si kila wiki. Usitoe taslimu kwa wakala hata siku moja, maana hapo alama ya fedha inapotea. Watu wetu hawajasahau Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu. Hata ilipopunguzwa Septemba ya mwaka uleule, watoto wa mjini walishaanza kusubiri mpaka waje wenyewe. Mtu aliyekusudia kutoa elfu kumi hapendi kusikia kwamba sehemu yake imeliwa njiani, na ana haki.

Kasoro ya mwisho sikuitegemea, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwetu matoleo ni mwendo. Watu wanatoka mabenchini kwa safu, wanaimba, wanatembea mpaka mbele, wanaweka sadaka, wanarudi. Aliyetoa kwa simu alibaki amekaa. Mama mmoja kijana alikuja ofisini akaniambia mwanawe wa miaka sita amemuuliza, "Mama, siku hizi sisi hatutoi?" Nilikosa la kumjibu. Mimi nilijifunza kutoa kwa kushikwa mkono na mama yangu, na sarafu ikiwa imelowa jasho kiganjani. Mtoto hasomi ujumbe wa simu. Tulikubaliana kwamba anayetoa kwa simu abebe bahasha yake hivyohivyo, ndani ameweka kikaratasi chenye kiasi na tarehe, na mtoto ndiye aiweke kwenye kapu. Vikaratasi hivyo vimetusaidia hata kulinganisha na ujumbe.

Bahasha zenyewe zinastahili maneno machache, maana bila hizo lipa namba haina mkia. Tulichapisha 420 kwenye duka la uchapaji mjini. Karatasi ilikuwa nyepesi, ikachanika kwenye kona kabla ya mwezi wa sita, na namba 160 mpaka 169 zilichapwa mara mbili, hivyo watu ishirini wakawa na namba kumi. Mwenye duka alikubali kosa ila alitaka tulipie karatasi upya. Mwaka huu tunachukua bahasha ngumu za kaki, tunagonga namba wenyewe kwa mhuri. Jambo zuri ni jedwali la nyuma lenye vyumba 52, kimoja kwa kila Jumapili. Kuna baba ambaye hajui kutumia simu zaidi ya kupokea, lakini vyumba vyake vyote vina sahihi yangu, na anapenda kuniletea bahasha nione hakuna chumba kilichobaki cheupe.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko namba na bahasha. Miezi minne ya mwanzo, pamoja na urahisi wote wa simu, sadaka haikupanda. Waliokuwa wakitoa walihamia kwenye simu. Wasiotoa waliendelea kutotoa. Ilipanda baada ya kuanza kubandika karatasi.

Ni karatasi ya manila, kalamu nyeusi, herufi kubwa za kusomwa na mtu aliyesahau miwani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunaibandika ukutani kando ya mlango: yaliyoingia upande wa kushoto, yaliyotoka upande wa kulia. Si kwa mafungu makubwa kama "uendeshaji", ambalo ni neno la kufichia. Tunaandika umeme wa LUKU, posho ya mwinjilisti, mvinyo wa Meza ya Bwana, sehemu ya dayosisi, nauli ya mchungaji kwenda kuzika, matengenezo ya spika. Mwezi wa kwanza palikuwa na mstari mmoja: chai ya wazee, 86,000. Watu walisimama mbele ya mstari ule kuliko mistari mingine yote. Hakuna aliyetukana. Mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, aliyebatizwa kanisa likiwa la udongo, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo chai ina nini ndani?" Kwenye kikao kilichofuata tuliamua kila mzee aje na chai yake. Mwezi wa pili mstari ulisomeka: chai ya wazee, 0. Na mwezi wa tatu bahasha zilizorudi zikatoka 170 na ushee zikapita 260. Ninazo kwenye daftari, na mkaguzi ameziona.

Kwenye baraza palikuwa na hoja kwamba kuonyesha matumizi kutaleta maneno. Kwa uzoefu wangu maneno huletwa na giza. Hoja nyingine ilikuwa kwamba tuendelee kusoma majina na viwango vya watoaji, kwa kuwa ushindani unaamsha watu. Hilo nililipinga kwa nguvu, na mchungaji akasimama nami. Nilishuhudia mama mmoja, mjane wa watoto watano, akiacha kuja kanisani majira ya kusomwa majina kwa sababu chake kilikuwa mia tano na wa kabla yake alikuwa na laki. Sasa tunasoma jumla tu. Mjane yule amerudi, na sadaka yake anaileta kama zamani, mayai sita kwenye kikapu chenye majani makavu ya mgomba. Mafundisho ya kwamba ukitoa kiasi hiki utapokea mara kumi hatuyapi nafasi, maana tumeona watu wakiuza hata godoro kwa ahadi za namna hiyo. Kwetu neno ni uwakili: kilicho mkononi mwako si chako peke yako, na wewe kama wakili utaulizwa. Anayeomba wenzake wawe mawakili sharti akubali kuulizwa kwanza.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya simu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, na baada ya Vita ya Kwanza Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Kanisa lililoachwa namna hiyo halikufa. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia mtu akisema watu wetu ni maskini, wangoje wafadhili.

Kwenye karatasi ya Januari upande wa kulia palikuwa na mistari ambayo nilisikia watu wakiisoma kwa sauti. Diakonia, yaani huduma kwa wahitaji: tranka 1, godoro 1, ndoo 2, fagio la chelewa, jembe, shuka 2, kwa binti wa kidato cha kwanza anayekwenda bweni. Jina hatukuandika. Lakini kijijini hakuna asiyejua ni binti gani alikuwa hana mzazi na amefaulu. Jumapili ile kijana mmoja wa bodaboda, ambaye sijawahi kuona bahasha yake, alisimama mbele ya karatasi na kofia yake ya kuendeshea mkononi, akahesabu vitu kwa kidole, kisha akaja dirishani kwangu akauliza, "Mama, bahasha zinatolewa wapi?" Nilimpa 404. Huwa anatuma Ijumaa usiku, baada ya kufunga kazi. Mara 1,404. Mara 3,404. Wiki ya mvua alituma 904, yaani mia tano na mkia wake.

Kwa hiyo, kwa wahazini walioniuliza: lipa namba naipa nyota nne kati ya tano. Imepoteza moja kwa mtandao na kwa urasimu wa kuipata. Inafaa usharika wenye watoto wengi mbali, wenye watu wawili wasiooneana haya kuulizana, na wenye mtu wa kunakili ujumbe kwenye daftari la kaunta Jumapili hiyohiyo, si Jumatano. Chukua taarifa ya miamala iliyochapwa kila mwezi, mpe mkaguzi bila kusubiri aombe. Kama hamna hayo, bakini na kapu na bahasha kwanza, na anzeni na karatasi ya manila, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko chai. Bahasha za lile duka la uchapaji naziachia nyota mbili. Karatasi ina zote tano.

Sisi tunaendelea mwaka wa pili. Kamati ya kuhesabu imeongezewa mtu mmoja, mjane wa mhazini aliyenitangulia. Alisita tulipomwomba, akasema atafikiri, akarudi baada ya wiki mbili na daftari jipya la kaunta alilolinunua mwenyewe. Ndiye anayenakili ujumbe sasa. Anaandika polepole, anasoma kila kiasi kwa sauti mpaka mkia, na haendelei na wa pili mpaka mimi na mwenyekiti tuseme tumesikia.